Mjomba, Hapo Kinachochekesha ni Nini? Vichekesho vya Miaka ya 80, Jozi kwa Jozi

Swali hilo aliniuliza mpwa wangu wa miaka 14 tukitazama Trading Places. Kwenye skrini, Dan Aykroyd alikuwa amejipaka rangi nyeusi usoni, kavaa nywele bandia za rasta na anaigiza Mjamaika ndani ya treni. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka kwa mazoea, kabla kichekesho chenyewe hakijafika, kama mtu anayeitikia hodi ambayo haijapigwa. Swali likanikata kicheko. Nikajaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sina cha kueleza.

Tangu jioni ile nimerudia filamu kama kumi za vichekesho za miaka hiyo, nyingine pamoja naye, nyingine na mama yake ambaye ni dada yangu, nyingine peke yangu usiku watu wakiwa wamelala. Nimezipanga hapa mbilimbili, kwa ajili ya mtu mwenye jioni moja au mbili anayetaka kujua airudie ipi, na ipi aiache ibaki nzuri kichwani. Kipimo nimekitoa kwenye kitenzi chetu wenyewe: kuna kucheka na mtu, na kuna kumcheka mtu. Nyingi ya filamu hizi zina vyote viwili, wakati mwingine ndani ya dakika moja, na uzee wake huonekana pale zinapovuka kutoka cha kwanza kwenda cha pili.

Eddie Murphy kwa Eddie Murphy

Trading Places (1983) na Coming to America (1988) ndiyo jozi inayostahili mjadala mrefu. Mwongozaji ni yule yule, John Landis. Steringi ni yule yule, ingawa katika ya kwanza ana miaka 22 tu na bango linamweka pembeni ya Aykroyd, na katika ya pili filamu nzima inamzunguka yeye. Hadithi pia zinafanana: mtu anahamishiwa kwenye maisha yasiyo yake, tuone atafanyaje.

Kwa usukaji wa hadithi, ya 1983 inashinda. Ndugu wawili matajiri wa Philadelphia, Randolph na Mortimer Duke, wanabishana kama mtu hufanywa na damu au na malezi. Wanawekeana dau. Wanamvua kijana wao wa ofisini, Aykroyd, kila alichonacho, nyumba, kazi, mchumba, mpaka mtumishi wa nyumbani, na vyote wanampa Murphy, tapeli wa mtaani anayejifanya kilema ili aombe pesa. Dau lenyewe ni dola 1. Ukiwa mdogo unaona hicho ni kichekesho tu. Ukiwa umeshafanya kazi chini ya watu wawili watatu, dola ile inakukaa kooni.

Kuna kipande kimoja ambacho ningekitumia kufundishia uigizaji. Wazee wa Duke wanamweleza Murphy biashara yao: hii ni kahawa, hii ni ngano, na hii ni nyama ya nguruwe, ambayo pengine umewahi kuiona ndani ya mkate. Wanaongea taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa. Murphy hajibu. Anageuza shingo na kutazama moja kwa moja ndani ya kamera, yaani anakutazama wewe uliyekaa kwenye kochi. Ni sekunde chache tu. Mpwa wangu alikufa kwa kicheko, na ndiyo maana swali lake la baadaye kuhusu treni liliniuma. Asingekuwa ameielewa filamu ningemlaumu yeye. Lakini alikuwa ameielewa vizuri kuliko mimi. Mle ndani ya treni filamu inaacha kuwacheka wazee wa Duke na kuanza kucheka Mjamaika ambaye hata hayupo. Kisha linakuja jambo la sokwe dume na mtu aliyefungiwa naye, ambalo siku hizi hakuna mwandishi angelipeleka mezani.

Tena nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna vipande vya matiti wazi. Ukiwa na watoto, rimoti iwe mkononi mapema. Yangu ilikuwa chini ya mto wa kochi.

Mwisho wake, kule kwenye soko la juisi ya machungwa iliyogandishwa, watu wengi wanaufurahia bila kuuelewa. Ni hivi: wazee wamehonga mtu awaletee kwa siri ripoti ya serikali ya mavuno kabla haijatangazwa. Vijana, yaani Aykroyd na Murphy ambao sasa wameungana, wanaibadilisha kwa ripoti ya uongo, wazee wananunua kwa pupa, bei inapanda, vijana wanauza wakiwa hawana hata tone la juisi mkononi. Ripoti ya kweli ikitoka, bei inaporomoka, nao wananunua kwa bei ya chini kile walichokwisha kukiuza kwa bei ya juu. Mwaka 2010, Marekani ilipotunga sheria kubwa ya kurekebisha mambo ya fedha, kifungu kinachokataza kufanya biashara hiyo kwa siri za serikali kilipewa jina la utani, kanuni ya Eddie Murphy. Vichekesho vyenye bahati ya kutajwa kwenye mjadala wa sheria ni vichache.

Coming to America ni legelege zaidi kwa hadithi. Mwana wa mfalme wa Zamunda anakwenda Queens, New York, kutafuta mke atakayempenda bila kujua cheo chake. Unajua mwisho wake kabla hajashuka kwenye teksi. Lakini hebu tazama nani anachekwa. Mwafrika mle ndani ndiye mwenye pesa, adabu na subira. Wanaochekesha ni wale wanaomdharau. Anasimama asubuhi nje ya chumba chake kibovu, anawasalimu majirani wote kwa furaha, anajibiwa matusi, naye anayapokea kama baraka. Mwenye mgahawa, Cleo McDowell wa John Amos, anatetea kwa uso mkavu kwamba biashara yake haifanani hata kidogo na ile ya jina linalokaribiana na lake, McDonald's, kwa kuwa mikate yake haina ufuta juu. Huyo nilimpita tu zamani. Sasa ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote: baba anayemtakia bintiye mema na papo hapo anapiga hesabu ya mahari.

Halafu kuna kinyozi. Wazee wanabishana juu ya mabondia, Joe Louis, Rocky Marciano, Muhammad Ali, kama wanavyobishana wazee wa kila kijiwe duniani, na Murphy mwenyewe yumo mle kama watu wawili tofauti: kinyozi Clarence na mzee wa Kiyahudi aitwaye Saul. Mapambo ya uso ya Rick Baker ni mazuri kiasi kwamba dada yangu, aliyeiona filamu hii zaidi ya mara tano, hakuwa ameng'amua kuhusu Saul mpaka nilipomwambia. Alirudisha nyuma mara mbili kuhakikisha.

Doa lake ni wanawake. Bibi harusi aliyeandaliwa tangu utotoni anaitwa Imani, jina letu kabisa, na kazi aliyopewa na waandishi ni kubweka kama mbwa akiruka kwa mguu mmoja kwa sababu mume mtarajiwa ameagiza. Kipande hicho kimekusudiwa kuicheka desturi, nakubali. Lakini anayebweka ni yeye. Dada yangu hapo alinyamaza.

Sasa ipi? Nyumba ikiwa na watu wa rika zote, Coming to America, na mkono uwe tayari kwa kipande cha kuogeshwa mwana wa mfalme. Mkiwa watu wazima mnaopenda hila na visasi, Trading Places. Mkiweza zote mbili, anzeni na ya 1983, kwa sababu katika ya 1988 wazee wa Duke wanatokea kwa dakika moja wakiwa ombaomba barabarani, na kipande hicho hakina ladha kwa asiyewajua. Jambo jingine dogo: mfalme na malkia wa Zamunda ni James Earl Jones na Madge Sinclair. Miaka sita baadaye, sauti zao zilirudi kama mfalme na malkia wa simba katika The Lion King.

Miili inayoanguka

The Gods Must Be Crazy (1980) na Project A (1983) hazitoki Hollywood. Ya kwanza ni ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, ya pili ni ya Jackie Chan wa Hong Kong. Zote zinaweza kumchekesha mtu asiyeelewa hata neno moja linalosemwa, maana kichekesho kiko mwilini, na kwa sababu hiyo ndizo nilizozikumbuka kwa mapenzi makubwa kuliko zote.

Ile ya Uys ndiyo iliyonivunja moyo. Si yote. Land Rover isiyo na breki bado inavunja mbavu: mwanasayansi mwenye haya, ambaye mbele ya mwanamke hata kufungua mlango humshinda, anafunga kebo ya winchi kwenye mti ili gari lijivute kutoka mtoni, anahangaika na mengine, na kufumba na kufumbua gari limejivuta mpaka linaning'inia mtini. Uys alizungusha kamera taratibu ili picha zikionyeshwa zikimbie, ufundi wa filamu bubu, na kwenye vipande vya gari unafaa kabisa.

Tatizo ni sauti ya msimulizi. Anawaeleza watu wa N!xau, mwigizaji mkuu wa filamu, yaani Waju/'hoansi wa Kalahari, kwa sauti ya mtu anayesimulia maisha ya swala: hawana mali, hawana sheria, hawajui ugomvi, mpaka chupa ya Coca-Cola inapodondoka kutoka kwenye ndege. Mtoto anaamini. Mtu mzima anajua kwamba N!xau alikuwa Mnamibia wa karne yake kama wewe na mimi, na kwamba wakati kamera zinazunguka wengi wa watu wake walikuwa wamesongamanishwa kwenye makazi, wakigombania maji na vibarua, huku jeshi la Afrika Kusini likiwaandikisha vijana wao. Mwaka huo huo wa 1980 ilitoka filamu ya hali halisi ya John Marshall kuhusu mwanamke aitwaye N!ai, na ndani yake unawaona hata watu wa Uys wakipiga picha zao. Ukizitazama hizo mbili kwa kufuatana, ya Uys haitakuwa tena ile uliyoijua. Waasi weusi waliomo nao wamechorwa kama vituko vitupu, na filamu imetengenezwa na Waafrika Kusini weupe enzi za ubaguzi wa rangi. Hapo kucheka na mtu kumekwisha zamani.

Na bado, N!xau mwenyewe ni mwigizaji wa ajabu. Alifariki mwaka 2003. Utulivu wa uso wake anapojaribu kuelewa gari, bunduki na mahakama ndiyo kitu pekee kisichozeeka katika hadithi inayomhusu.

Project A haina mzigo huo. Jackie Chan ni askari wa majini katika Hong Kong ya wakoloni, kuna maharamia, kuna maofisa wapumbavu, na kuna Sammo Hung na Yuen Biao, ambao alisoma nao utotoni shule moja ya opera ya Kipeking. Wanavyopigana unaona watu waliokua wakianguka pamoja. Kwenye vichochoro vyembamba Chan anaitumia baiskeli kama ngao, kama rungu, na kidogo kama baiskeli. Kisha anakuja kuning'inia kwenye mshale wa saa ya mnara, heshima kwa Harold Lloyd aliyefanya hivyo katika Safety Last! ya 1923. Tofauti ni kwamba Lloyd hakuachia. Chan anaachia, anapasua turubai moja, anapasua la pili, anafika chini kwa kichwa na shingo. Filamu inakuonyesha anguko hilo mara mbili, kana kwamba inajua hutaamini. Mpwa wangu hakuamini. Tulilirudia mara sita, na ilibidi nimhakikishie kwamba hakuna kompyuta, ni Jackie mwenyewe.

Anayechekwa ni nani? Jackie. Kila anapofanya jambo la kishujaa, linamuuma, na uso wake unakwambia limemuuma. Ukiwa na watoto wa shule nyumbani usifikiri mara mbili, chukua hii.

Kiingereza chako kikoje?

Airplane! (1980) na The Naked Gun (1988) zimetoka kwenye vichwa vile vile vitatu, Jim Abrahams na ndugu wawili David na Jerry Zucker, na zote zina Leslie Nielsen, mwigizaji aliyetumia miaka ishirini na zaidi kuigiza watu makini kabla hawa watatu hawajagundua kwamba umakini wake ndio unaochekesha. Upuuzi wote anausema kwa uso mkavu.

Airplane! ndiyo inayosifiwa zaidi, na kwa mtu aliyekulia ndani ya Kiingereza sifa hizo ni za haki. Ilichukua hadithi ya filamu isiyo na utani wowote, Zero Hour! ya 1957, ya marubani waliolishwa samaki wabovu angani, na kuijaza utani kila baada ya sekunde chache. Lakini nusu ya utani huo ni wa matamshi. Ule mzaha wake maarufu kuliko yote umesimama juu ya neno la kusisitiza, surely, linalosikika kama jina la mwanamke, Shirley; manukuu ya chini ya skrini hayawezi kuuokoa. Vipande vya macho vinabaki: abiria mwanamke ameingiwa na hofu, mmoja anamtikisa na kumpiga ili atulie, kamera inasogea, na nyuma kuna foleni ya watu wakisubiri zamu yao, mmoja na glovu za ndondi. Nilicheka. Halafu nikajiuliza kama ningecheka aliyekaa kwenye kiti angekuwa dada yangu. Maswali ya rubani kwa mtoto mdogo nayo siku hizi hayachekeshi mtu.

The Naked Gun inasafiri vizuri zaidi kwa sababu Frank Drebin ni janga linalotembea. Kipande cha maikrofoni peke yake kinatosha: ametoka kuhutubia waandishi wa habari, kaenda msalani, kasahau kuzima kifaa kilicho kifuani, na ukumbi mzima unasikiliza kila hatua ya shughuli yake huku meya akijitahidi kuendelea na hotuba. Mwaka 1988 huo ulikuwa utani wa kubuni. Leo, enzi za mikutano ya mtandaoni, kila mtu anamjua aliyefikwa, na wengine ndio sisi wenyewe. Nampa Drebin ushindi, ingawa sehemu ya mwisho inachezwa kwenye mechi ya besiboli na nusu ya masihara yake yanampita asiyeujua mchezo. Na kuna O. J. Simpson, anayeigiza polisi anayepata kila ajali. Baada ya kesi ya mauaji aliyoshtakiwa 1994 na kuachiwa huru 1995, ajali zile zinatazamwa kwa macho mengine kabisa.

Ya kutazama peke yako

Big (1988) ya Penny Marshall au Planes, Trains and Automobiles (1987) ya John Hughes? Zote zinakuchekesha kwanza na kukubana koo baadaye. Tom Hanks katika Big anaigiza mtoto aliyeamka na mwili wa mtu mzima, na hakosei hata kidogo: tazama anavyoshika hindi dogo changa kwenye tafrija na kuliguguna kama gunzi zima. Kinanda cha sakafuni hakihitaji maneno. Ilikuwa pia filamu ya kwanza iliyoongozwa na mwanamke kuvuka dola milioni 100 kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Lakini mapenzi yake na yule mwanamke wa ofisini, ukikumbuka mwenye mwili ule ana miaka 13, yanakufanya ujikunyate.

Ya Hughes ndiyo nitakayoirudia kila mwaka. Steve Martin anajaribu kurudi kwake Chicago kabla ya sikukuu, theluji imefunga viwanja vya ndege, na amekwama na John Candy, muuza pete za pazia la bafu ambaye hanyamazi. Ndani ya chumba cha moteli Martin anafura na kumwaga yote: unaboa, hadithi zako hazina mwisho, bora kusikiliza mafundisho ya bima. Unacheka, kwa sababu ana haki. Kamera inahamia kwa Candy na kubaki pale. Uso unashuka kidogo kidogo. Kisha anasema yeye anajipenda alivyo, na mkewe anampenda. Kicheko chako kinakosa pa kwenda, na kuanzia hapo huwezi tena kumcheka yule mtu. Unacheka naye tu, mpaka mwisho, ambao siusemi. Kuna kipande kimoja kwenye kaunta ya kukodisha magari chenye matusi mfululizo. Ndicho kilichoifanya iwekewe alama ya watu wazima Marekani.

Zilizobaki

Ghostbusters (1984) iko salama. Wimbo wake bado unasimamisha watu, ingawa Bill Murray anavyomfuatafuata yule mwanamke kwenye nyumba yake kunachosha. Kama kuna mtoto asiyeijua, anza nayo bila wasiwasi.

Police Academy (1984) iache ilipo. Zilitoka sita kwa miaka sita mfululizo, ya saba ikaja 1994, na nilikuwa nimezichanganya zote kichwani kuwa filamu moja nzuri ambayo haijawahi kutengenezwa. Baa ile ya wanaume waliovaa ngozi, mzaha uleule, muziki uleule, katika filamu kadhaa. Kilichobaki ni Michael Winslow na mdomo wake unaotoa bunduki, mashine na vipaza sauti. Mpwa wangu ameondoka na hicho peke yake. Siku hizi akiitwa kuosha vyombo anajibu kwa mlio wa redio inayokatika mawimbi, na dada yangu analaumu mimi.